Kidole chenye Ndagala

Kwa maneno ya jirani yao, Mama Noella, mashine mpya ya kituo cha afya ilimpima shemeji yake wa Luvungi, ikamwita mgonjwa, kumbe mwenyewe mzima, anapiga jembe shambani. "Ile iko mwongo wa betri," alisema, akimsaidia Kaneza kuanika ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani. Kaneza alicheka. Mama yake, mjamzito, hakucheka. Miguu yake ilikuwa imevimba.

Kaneza na mama yake wakaenda kituoni bila hata kunawa vizuri. Muuguzi Gédéon akaweka mezani kipande chembamba chenye doa jeusi.

"Hii ni kaboni, ndugu ya makaa, lakini tabaka lake ni jembamba kupita unywele. Protini ya mkojo ikinasa hapa, umeme unabadilika, mashine inasoma. Asiguse mtu."

Akageuka kuchukua kikombe cha mkojo. Kaneza akajiuliza kama makaa yale yanachafua. Akapitisha kidole. Hakikuchafuka.

Mashine ikasema hakuna protini. Gédéon akawaambia warudi nyumbani.

Njiani mama alilalamika kichwa kinamgonga. Nyumbani Kaneza hakutulia. Aliketi, akasimama, akageuza ndagala zilizokwisha kugeuzwa, akakinusa kidole. Kilinuka samaki. Akausogeza ugali pembeni.

"Mama, turudi kituoni."

"Weye, miye nimechoka."

"Niligusa ile nyeusi. Mikono yangu ilikuwa na ndagala."

Mama alimtazama, kisha akatafuta viatu vyake.

Gédéon naye hakufoka. Alitoa kipande kipya, akapima tena. Safari hii protini ilikuwa nyingi, na presha ya damu imepanda. Akaita pikipiki ya kumpeleka mama hospitali kuu, akampandisha mwenyewe nyuma ya dereva, na shangazi wa Kaneza, aliyewafuata kutoka nyumbani, akakaa nyuma kumshikilia.

Pikipiki ilipoondoka, Gédéon akamgeukia Kaneza.

"Samaki nayo iko na protini, mtoto wangu. Ya kidole chako ilijaza nafasi kabla mashine haijaanza kusoma, ya mama ikakosa pa kukaa, umeme haukubadilika. Mashine haikudanganya, tuliidanganya sisi. Ungenyamaza mpaka kesho, angeanguka kwa degedege. Ukikosea, sema upesi. Kosa lililofichwa halina dawa."

Kaneza akasugua kidole kwenye sketi.

"Muganga, naomba uniahidi mama na mtoto watapona."

Gédéon alitazama tena barabara, pale vumbi la pikipiki lilipokuwa bado halijatua.