Kondo Chini ya Ngazi

Harufu ya maziwa yaliyoungulia ndiyo iliyomlaki Waisiko mlangoni, kabla mtu yeyote hajamwambia karibu. Moyoni akamlaani mpishi mzembe. Kumbe jikoni hapakuwa na mpishi, wala moto, wala jivu la juzi.

Nyumba ilikuwa ya ghorofa moja, ya mawe, juu ya kilima katikati ya Ikoma na Mugumu. Aliijenga mzungu mwenye ng'ombe wengi, akaiwekea nguzo nne nene barazani na ngazi pana ya mbao ambayo watu wawili wangeipanda sambamba. Alipoondoka ilifungwa miaka mingi. Mwaka wa Operesheni Vijiji, kijiji kipya kilipopangwa chini ya kilima, mkutano ukaamua iwe nyumba ya wageni, na ukutani wakaandika kwa rangi nyekundu: MALI YA WANANCHI. Wananchi wakapiga makofi. Aliyekuwa akiishi ghorofani hakualikwa mkutanoni.

Waisiko hakutaka kulala pale. Alikuwa mjane wa Susuni, hakujaliwa mtoto wa kiume, na kwa desturi ya Wakurya mwanamke wa namna hiyo anaweza kutoa ng'ombe akaoa msichana, azae na mwanamume wa kuchaguliwa, na watoto watakaozaliwa wakawa wa nyumba yake. Nyumba ntobu, ndivyo wanavyoiita. Alimwoa Mokami, binti wa miaka ishirini mwenye kicheko cha karibu. Shemeji yake Mseti, aliyeumezea mate mji wake tangu siku ya matanga, alikwisha zoea kumtania kwamba moto wa nyumba yake umezimika. Sasa Mokami alikuwa na mimba ya miezi minane. Alikwenda Ikoma kumwona mama yake mgonjwa, na Waisiko akamfuata amrudishe upesi, maana mtoto lazima azaliwe Susuni, kondo lake la nyuma lizikwe kando ya mlango wa Waisiko. Palipozikwa kondo ndipo kwao mtoto. Hata Mseti asingekuwa na la kusema.

Lakini mvua haina huruma na mipango ya wajane. Lori la ushirika walilopanda lilikuta daraja la magogo limekwenda na maji, na dereva akawashusha chini ya kilima mpaka mto upungue.

Aliyewapokea alikuwa Maftah, seremala Mwislamu aliyekulia Tarime. Kijiji kilimpa nyumba ile aitunze kwa kuwa yeye peke yake alijua kuziba paa lake.

"Shikamoo baba," Mokami akamwamkia.

"Marahaba mwanangu. Poleni na mvua." Macho yake yakashuka kwenye tumbo la Mokami, na uso ukambadilika. "Mama, huyu amebakiza muda gani?"

"Mwezi mzima," Waisiko akajibu.

"Haya. Mtalala hapa chini, juu halali mtu. Na nisikilizeni vizuri. Mkichana nywele, zilizoanguka mchukue. Mkikata kucha, mchukue. Msiache humu kitu chochote cha miili yenu."

"Kwani kuna wachawi?"

"Mchawi ni binadamu, mama. Unaweza kumpigia magoti." Akapunguza sauti. "Mke wa yule mzungu alizaa watoto watatu, wote wakafa. Akatafuta mganga wa pwani, akaletewa jini mlezi, amlee wa nne. Wa nne naye akafia tumboni. Wazungu wakafunga mizigo wakaenda zao. Mlezi hakuna aliyemwambia kazi imekwisha."

"Na nyie mbona hammtoi?"

"Nimesoma humu siku saba. Siku ya saba nilipofunga kitabu, nikasikia huko juu maziwa yanachemka."

Mokami akacheka, kisha akaona hakuna mwingine anayecheka. Maftah hakuwahi kungoja magharibi mle ndani. Mchana, jua likiwa bado juu, aliwaachia kuni na mtungi wa maji, akateremka kwake kijijini.

Hakuwa amefika mbali Mokami aliposhika ukuta. Maji yakamtiririka miguuni, mwezi mmoja kabla ya wakati wake. Waisiko alikuwa amezalisha nusu ya watoto wa Susuni, naye akaishika kazi. Jua lilipogusa vilele vya milima alikuwa ameshika mtoto wa kiume, mzima, mwenye sauti ya kuamsha mifugo. Akalia kwa furaha. Aliita majina ya wazee wa marehemu mumewe mmoja mmoja, akapiga kigelegele peke yake katika nyumba ile kubwa, kikaenda kikagonga dari na kurudi.

Halafu akabaki na kondo mikononi, na furaha ikapoa.

Kulichukua hadi Susuni hakuwezekani. Kwao kondo halivushwi mto. Likivuka, tumbo la mama hufungwa, na mbele yao kulikuwa na mito miwili. Kulizika nje hakuwezekani pia. Fisi walikwisha anza kulia chini ya kilima, na kondo likiliwa na mnyama mtoto hamalizi mwaka. Chini ya ngazi Maftah alikuwa ameng'oa mbao za sakafu zilizooza, na udongo mwekundu ulionekana. Waisiko aliyakumbuka maneno yake. Aliyakumbuka vizuri sana, asijisingizie usahaulifu. Akajiambia kwamba yule fundi alitaja nywele na kucha, na kwamba jini la pwani litajuaje mambo ya Wakurya. Akachimba kwa kisu, akazika, akanong'ona, "Huyu ni wa Susuni. Nimeazima ardhi yako tu."

Alipolisawazisha shimo kwa kiganja, juu pakanyamaza. Ndipo alipotambua kwamba tangu mchana, chini ya sauti zote, chini ya mvua na vilio vya uzazi na kigelegele chake mwenyewe, alikuwa akisikia kiti kikibembea ghorofani, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, na hakukisikia mpaka kilipoacha.

Usiku huo walilala na mtoto katikati yao, amefungwa kwa kanga kwenye kifua cha Mokami. Waisiko alikusudia kukesha, lakini harufu ya maziwa ilishuka ngazi, nzito na tamu, ikaingia chini ya mlango, ikamlegeza viungo, naye akawa hajui kama yu macho au anaota aliposikia nyayo laini za mtu mzima asiyevaa viatu zikikaribia kitanda na fundo la kanga likifunguliwa bila haraka, kwa utaalamu wa mtu aliyefungua mafundo ya namna hiyo maisha yake yote, na alipotaka kupiga kelele ulimi ukamlalia mdomoni.

Alfajiri mtoto hakuwapo kati yao. Walimkuta nje ya chumba, kwenye kidato cha kwanza cha ngazi, amevikwa shuka jeupe la kitani ambalo si lao. Alikuwa na joto zuri. Amelala.

"Mama, wewe ndiye uliyemtoa?" Mokami alinong'ona.

"Sikuinuka."

Mokami akampa ziwa. Mtoto akageuza uso. Pembeni mwa mdomo wake palikuwa na tone la maziwa lililonuka kuungua.

Maftah alipofika alitazama udongo uliosawazishwa akauliza jambo moja tu.

"Mmezika nini hapa?"

Waisiko akamwambia. Maftah akapiga magoti, akafukua kwa mikono, akaenda chini kiwiko kizima. Udongo ulikuwa mkavu, una joto kama mkeka alioinuka mtu sasa hivi, na ndani yake hapakuwa na kitu.

"Msomee basi! Mtoe!" Waisiko akamshika kanzu.

"Angekuwa amewaingia ningemsomea atoke." Maftah alikuwa analia bila kuficha. "Hakuwaingia, mama. Mmempa."

Wakajaribu kuondoka hata hivyo. Mokami alimbeba mtoto hadi kwenye nguzo za lango, na hatua moja nje yake mtoto akawa baridi, midomo ikageuka rangi ya majivu, pumzi ikakatika. Akarudi ndani mbio na mtoto akapumua. Walijaribu mara tatu. Mara ya tatu pumzi ilichelewa sana kurudi, na Mokami akaanguka magoti katikati ya lango akipiga ukelele ambao watu wa kijijini waliusikia na hakuna aliyepanda kilima kuuliza.

Basi wakabaki. Kila alfajiri mtoto alionekana kidato kimoja juu zaidi, msafi, ameshiba, ananenepa. Walimfunga, walikesha kwa zamu, Maftah aliukomea mlango wa chumba kwa misumari. Kidato cha nne. Cha tano. Matiti ya Mokami yalivimba yakamwuma, kisha yakakauka, na siku ya kumi alisimama mbele ya Waisiko akiwa amefunga kifurushi chake.

"Mama, nisamehe. Siwezi kumtazama akipanda."

"Nenda, mwanangu. Wewe bado utazaa." Waisiko alimsindikiza hadi langoni. "Ukifika Susuni, mwambie Mseti ni mvulana. Usimwambie zaidi."

Mokami hakugeuka nyuma.

Vidato vilikuwa kumi na nane. Asubuhi ya kumi na tisa ngazi ilikuwa tupu, na juu, nyuma ya mlango uliofungwa, kiti kilianza tena kubembea. Waisiko alipanda akausukuma mlango kwa bega mpaka bega likachubuka. Haukutikisika. Akateremka, akaketi sakafuni kando ya lile shimo. Alifikiria kurudi Susuni, kuota moto mmoja na kicheko cha Mseti. Alifikiria majina ya wazee aliyoyaita kwa furaha, ambayo sasa hayakuwa na wa kuyabeba.

Akafungua kitambaa cha kichwa. Kwa wembe uleule uliokata kitovu akanyoa mvi zake zote, kisha akakata kucha, mkono wa kulia na wa kushoto. Akazifukia mahali lilipozikwa kondo, akalisawazisha shimo kwa kiganja.

"Haya, na mimi nimekuwa wako," akasema. "Nipe hata kazi ya kumfulia nguo zake."

Kiti kikasimama. Juu, komeo likafunguka.

Waisiko akapanda akishika ukuta. Chumba kilijaa mwanga wa asubuhi na harufu ya maziwa. Mwanawe alikuwa hewani juu ya kile kiti, amelala raha mustarehe juu ya mapaja ambayo Waisiko hakuyaona. Akanyoosha mikono yake miwili kumpokea.

Mtoto akafumbua macho, akamtazama, akajikunyata, akageuza uso haraka kwenye kifua kisichoonekana, akalia kwa hofu vile watoto wanavyomlilia mgeni.