Chai Iliyoachwa Ikapita

Lifti ilikwama kati ya orofa mbili, na kama ilivyo kawaida ya watu waliobanwa, kila mmoja alianza kulilaumu tumbo la mwenzake. Kwenye kona ya nyuma alisimama binti mwenye blauzi ya rangi ya maziwa na sketi ya buluu iliyomkaa vilivyo, amekumbatia boksi la mikebe. Alikuwa ametoka milimani, kwenye kiwanda cha chai anakofanya kazi, akiwapelekea sampuli madalali wa orofa ya juu. Jasho lilikuwa limeshaanza kumharibia poda.

Mlango ulipanuliwa kwa chuma. Juu ya vichwa vyao ikatokeza sura ya kijana wa ovaroli, grisi shavuni.

"Poleni jamani. Nitawavuta mmoja mmoja. Waanze waliokula kidogo asubuhi."

Watu walicheka, hasira zikapungua. Zamu ya binti ilipofika, kijana alinyoosha mkono.

"Pokea boksi kwanza," binti alisema.

"Kwani boksi lina roho?"

"Lina jasho la watu. Lipokee kwa mikono miwili."

Akalipokea kwa mikono miwili, lakini mkebe wa juu ulikuwa umelegea kifuniko, na chai yote ikammwagikia kifuani. Fundi alijinusa taratibu.

"Mwaka mzima nanuka grisi," alisema. "Leo angalau watu watanisogelea."

Binti alitaka kukasirika, akashindwa. Walipopanda ngazi pamoja kumalizia safari, fundi alimwomba namba ya simu.

"Ya nini?"

"Nikupe na yangu. Lifti ikikukwamia tena unipigie."

"Si umeshaitengeneza?"

"Nimeitengeneza, ndiyo. Lakini mimi mwenyewe huwa napanda ngazi."

Namba ilitolewa. Tangu siku hiyo kila sampuli zilipoteremshwa mjini binti alijitolea kuzipeleka yeye, na kila alipofika jengo lile kulikuwa na lifti inayohitaji kukaguliwa. Alimweleza fundi jinsi wachumaji wanavyochukua majani mawili na chipukizi la katikati, mengine yote wakayaacha, naye fundi akamwita Chipukizi kuanzia hapo. Binti alimwita Fundi tu, ila alivyolitamka, mafundi wengine wote wa mji ule wangemwonea wivu.

Kazi ya Chipukizi ilikuwa kusimamia chai kiwandani wakati inapogeuka. Jani likishanyauka na kukatwakatwa, hutandazwa chumbani lipigwe na hewa, na hapo ndipo linapobadilika kutoka kijani kuwa rangi ya shaba. Lazima mtu akae nalo, alinuse. Likiwahiwa, chai huwa kali ya kukwaruza koo. Likiachwa likapita, hupooza, na hakuna moto wa kulirudishia uhai. Aliyemfundisha kunusa ni mama yake mdogo, aliyemlea tangu mama yake mzazi alipofariki. Mama mdogo alisimamia mashine ya kukaushia katika chumba cha pili, na kati yao kulikuwa na dirisha la kioo tu. Mmoja akitoka kidogo, mwenzake humshikia zamu, lakini sharti amwambie.

Siku ile hakumwambia. Simu ilitetemeka mfukoni naye akaipokea.

"Chipukizi wangu, sikusikii na hiyo mitambo. Toka nje kidogo."

Akatoka hadi mlango wa nyuma. "Sema haraka, kipenzi. Nina chai."

"Nimeongea na baba."

"Anaumwa?"

"Mzima kuliko mimi. Nimemwambia kuna binti alinimwagia chai mbele za watu na mpaka leo hajaadhibiwa. Akaniambia nimuoe, ndiyo adhabu yake."

"Acha utani wewe."

"Sitanii. Nataka nije kwenu na wazee wangu. Unasemaje?"

Chipukizi alicheka, kicheko kilichomtoka tumboni hata akajiegemeza ukutani. "Rudia."

"Nataka kukuoa."

"Rudia tena."

"Wewe, na chai yako?"

"Achana na chai. Rudia."

Fundi akarudia, akaongeza na mengine, naye akawa anacheka tu. Alipokumbuka alikokuwa, alikata simu bila kujibu, akakimbia ndani. Harufu ilimpokea mlangoni. Chai ilikuwa imelala pale kama udongo wa jana. Meneja alikuwa ameshafika, ameshika konzi ya majani yale, anayatazama.

"Nani alikuwa na chai hii?"

Kabla binti hajafungua mdomo, mama mdogo alijitokeza kutoka chumba cha pili, akijifuta mikono.

"Ni mimi. Mimi ndiye niliyeiacha ikapita."

Meneja akaamini kwamba alikuwa amemshikia mwenzake zamu. Chipukizi alisimama pale, simu bado ina joto mkononi, asimsahihishe. Wiki hiyo hiyo mama mdogo alitolewa kiwandani, akapewa kikapu, akapelekwa mlimani kuchuma. Alikuwa na magoti yasiyopenda hata ngazi za nyumbani.

Kila jioni alirudi akichechemea. Chipukizi alimkanda magoti kwa maji ya moto, na kila alipokanda alianza kuungama.

"Mama mdogo..."

"Kanda tu, mwanangu. Hapo hapo."

Na simu je? Simu ilikuwa adui. Kila ilipolia, aliisikia harufu ile ya chai iliyopooza. Hakuipokea. Fundi alipiga, akapiga, mwisho akaandika: "Kama ni hapana, sema hapana tu. Nitalia siku chache nitanyamaza." Hata hiyo hakuijibu. Alijiambia kuwa mtu aliyenunua furaha yake kwa magoti ya mama yake hastahili kuitumia. Fundi, masikini, hakujua lolote. Alidhani kuna mwanamume mwingine, mwenye gari pengine.

Jumamosi kiwanda hupokea wageni, na kwa kuwa Chipukizi ana ulimi mwepesi, ndiye huwatembeza. Jumamosi moja alitoka na koti lake jeupe, nywele amezifunika, akaanza kuwahesabu wageni kwa macho. Macho yakakwama kwa kijana wa shati la samawati lililopigwa pasi ya hasira, viatu vya mjini vimeshazama kwenye tope.

"Karibuni," alisema, akamkwepa kwa macho. "Tuanzie shambani."

Walipanda nyuma ya wachumaji, kati ya mistari ya michai iliyokatwa usawa wa kiuno. Akaeleza kwamba mchai ukiachiwa huwa mti mrefu, ndiyo maana hukatwa kila mara uendelee kutoa machipukizi.

"Na chipukizi likigoma kuchumwa?" fundi aliuliza.

Wageni wakacheka.

"Tuulizane ya kazi, kaka."

"Hilo ni la kazi. Mimi leo nimeacha watu wanapanda ngazi."

Wengine walipotangulia kupiga picha, fundi alimsogelea. "Una mtu?"

"Sina."

"Basi nimekukosea nini? Niambie nijirekebishe au nijiendee."

"Hujanikosea kitu. Tafadhali, nenda na wenzako."

Juu yao, nyuma kabisa ya wachumaji wote, mwanamke mmoja alikuwa akipanda polepole, mkono mmoja juu ya goti. Chipukizi aligeuza uso. Fundi aliona alichokuwa akikitazama, ila hakuelewa.

Wakaingia kiwandani. Akawaonyesha majani yaliyotandazwa kwenye wavu yanyauke, akawapitisha penye rola zinazoyakatakata, kelele zikawafanya waelewane kwa ishara. Mwisho wakafika chumba chake. Meneja alikuwa amesimama mlangoni, anawatabasamia wageni.

"Hapa ndipo chai inapogeuka," Chipukizi alisema. "Inuseni. Mwanzo inanukia majani mabichi, baadaye inanukia tunda lililoiva. Hapo ndipo tunaipeleka kwenye moto."

Mama mmoja mwenye mkoba mkubwa akainua kidole kama mwanafunzi. "Na ikipita je?"

Swali hilo alikuwa akiulizwa kila Jumamosi na jibu lake alilijua hata akiwa usingizini. Leo lilikataa kutoka. Alimwona fundi kwa pembeni. Kwenye kioo cha dirisha alimwona mfanyakazi mpya aliyewekwa kwenye mashine ya mama yake mdogo.

"Ikipita, ina maana mtu aliondoka," alisema. "Iliwahi kupita hapa. Aliyeondoka ni mimi. Nilikuwa mlango wa nyuma naongea na simu, nachekacheka. Mama yangu mdogo akabeba lawama, nami nikamwacha abebe. Yule mliyemwona mlimani anashika goti, ndiye yeye."

Hakuna aliyepiga picha. Meneja tabasamu lilimganda usoni.

"Vua koti," alisema kwa sauti ya chini. "Jumatatu utapanda mlimani na kikapu. Yeye tutaona."

Alilivua, akalikunja vizuri, akatoka. Fundi alimfuata mbio hadi nje.

"Siku hiyo ya simu. Ni ile?"

"Ni ile."

"Nilikukumbusha chai."

"Ulinikumbusha, nikakwambia achana nayo. Sasa ningeisikilizaje tena sauti yako?"

Fundi alikuwa amekuja na maneno makali aliyoyapanga njia nzima, yote yakawa hayana kazi. "Na mimi nilikuwa upande wa pili wa simu," alisema mwisho. "Ningeweza kukata. Twende kwake."

Walimkuta mama mdogo amekaa kwenye jiwe, kikapu bado mgongoni.

"Shikamoo, mama," fundi alisema.

"Marahaba. Wewe ndiye wa simu?"

Wote wawili walitazamana.

"Mama mdogo, nimemwambia meneja ukweli," Chipukizi alisema, na machozi yakaanza. "Nimekuacha upande huku na magoti hayo, nakuona kila siku, na nikakaa kimya. Sijui hata nikuombeje msamaha."

"Nani kakutuma ukamwambie?"

"Hakuna. Ni mimi niliyeiacha ile chai."

"Wewe ulitoka tu." Mama mdogo alipangusa jiwe pembeni yake, lakini binti hakukaa. "Nilikuwa nimesimama dirishani. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, nikakusikia unacheka. Tangu mama yako atutoke sijawahi kukusikia unacheka vile. Harufu ikaanza kugeuka, nikaisikia, pua hii bado haijafa. Ningegonga kioo ungekuja mbio. Nikasema, ngoja kidogo acheke. Nikasema tena, ngoja. Mpaka ikapita."

Chipukizi alishika mdomo.

"Kwa hiyo sikumdanganya meneja. Niliiacha mimi, kwa kutaka. Ubaya ni kwamba baadaye ukaacha kucheka kabisa. Nikajua kijana kakutupa, nikaona nimeharibu chai ya watu na mume mwenyewe hakupatikana. Aibu ya kukwambia ikanishika."

Fundi alitazama viatu vyake vya tope. Chipukizi alikuwa amepiga magoti, kichwa juu ya mapaja ya mama yake mdogo, analia kwa sauti, na hatia aliyoibeba haikuondoka hata hivyo. Sasa alijua kicheko kile kilikuwa zawadi, naye akaifungia kabatini.

Mama mdogo alimpapasa mgongo, kisha akamgeukia fundi. "Kijana, siku ile ulimuuliza kitu. Alijibu nini? Kicheko nilikisikia, maneno yalimezwa na mitambo."

"Hakunijibu, mama."

"Muulize hapa, nisikie."

Fundi aliuliza, safari hii bila mzaha hata kidogo. Chipukizi aliinuka, akajifuta uso kwa kiganja. Aliitoa mikanda ya kikapu mabegani mwa mama yake mdogo, mmoja mmoja, akaivaa yeye.

"Waje wazee wako," alisema. "Ila wanikute na hiki mgongoni, niwaambie kwa nini nimekibeba. Wakikubali hivyo, nami nimekubali."

Fundi alitikisa kichwa kukubali, akampa mama mdogo mkono. Wakateremka taratibu wote watatu, kwa sababu ya magoti.