Kifuniko cha Kompyuta ya Shule

Kila jioni, baada ya kula mkate wa injera na mchuzi wa dengu, Bezawit alinawa mikono, akaikausha vizuri, ndipo akaifungua kompyuta mpakato ya shule. Aliketi karibu na mtambo wa kufumia wa baba yake. Baba alifuma shuka nyeupe za pamba, na kila alipoanza pindo jipya alimtajia binti yake jina la nakshi na mtu aliyemfundisha.

"Hii babu yako aliifuma mama yako alipoolewa," alisema jioni moja. "Andika vizuri. Nikisahau mimi, nani atakumbuka?"

Bezawit aliandika na kuichora nakshi hiyo. Kazi hiyo ilikuwa ya maonyesho ya shule siku ya Ijumaa, na yote ilikuwa ndani ya kompyuta ile. Shule yao pale Shiro Meda, mtaa wa wafumaji, ilikuwa na kompyuta moja tu ya kuazimisha. Mwalimu Alemitu alipomkabidhi alimpa sharti moja: "Ikisumbua, niambie siku hiyohiyo." Baada yake ingekuwa zamu ya Rediet, rafiki yake.

Nyumba ya mfumaji haikosi vumbi la pamba. Lilielea hewani mchana kutwa na kutua juu ya kila kitu. Tena kwao kitu cha thamani hakikuachwa wazi. Redio ilikuwa na kitambaa chake chenye taraza, kapu la injera na sinia ya kahawa kadhalika. Basi Bezawit alichukua kipande cha shuka kilichobaki, akaishonea kompyuta kifuniko cha kuibana pande zote na chini, akaacha wazi skrini na vibonyezo tu. Baba alikisifu sana.

Wiki iliyofuata kompyuta ilianza kuvuma. Ikapata moto hata viganja vya Bezawit vikatokwa jasho, kisha skrini ikawa nyeusi, pu! Ukurasa mzima ukapotea. Kesho yake ikazimika tena. Bezawit hakumwambia mtu. Siku zilipita hivyo, mpaka wiki mbili zikaisha na Ijumaa ikawa imekaribia.

"Nasikia kompyuta yetu inakata roho," Rediet alimwambia siku ya Jumatano wakitoka shuleni.

"Nani kakwambia?"

"Mdogo wako. Anasema ikizimika unaililia kama umefiwa. Sasa ukiiua, mimi zamu yangu niandike kwa mkaa ukutani? Si umwambie Mwalimu!"

"Nikimwambia ataichukua, na Ijumaa sitaonyesha chochote."

"Basi twende kwa Fundi Yeshi. Usinitolee macho, twende."

Kabla ya kuingia dukani, Bezawit alikivua kile kifuniko na kukisokomeza ndani ya mkoba. Aliona haya, akihofu fundi asije akamwona kuwa ndiye aliyeiharibu.

Fundi Yeshi alikuwa mama mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Watu walimletea mashine zilizokataliwa kwingine. Hakukimbilia bisibisi. Aliweka kiganja chini ya kompyuta kama anayempima mtoto homa, akaiinamia na kusikiliza.

"Huzimika ghafla, au huaga kwanza?"

"Ghafla, Fundi. Baada ya dakika ishirini hivi. Inakuwa moto sana."

"Mnaiweka wapi? Kitandani? Mnaifunika?"

"Mezani," alisema Bezawit. "Hatuifuniki."

Rediet alimtazama, kisha akautazama mkoba.

Fundi alijaribu chaji nyingine, kisha betri, kimoja baada ya kingine, kila mara akiandika saa kwenye kipande cha karatasi. Hakubadilisha vitu viwili kwa pamoja. "Nikibadilisha viwili ikapona, nitajuaje kipi kilikuwa kigonjwa?" alisema, huku akiwasogezea bakuli la shayiri ya kukaanga. Halafu akaiacha kompyuta ikifanya kazi juu ya meza tupu. Ilivuma, ikapata moto, lakini ilikwenda dakika hamsini ndipo ikazimika.

Fundi alivua miwani.

"Hapa dakika hamsini. Kwenu ishirini. Sasa mwanangu, kwenu kuna kitu ambacho hapa hakipo. Naweza kuifungua na kuisafisha, na kesho itaonekana nzima. Lakini nisipokijua hicho kitu, itakuzimikia tena. Labda Ijumaa hiyohiyo, mbele za watu."

 Bezawit alifungua mkoba, akakitoa kifuniko bila kuinua macho.

Fundi hakumfokea. Alikigeuzageuza, akapitisha kidole kwenye mshono. "Mkono huu ni wa mtoto wa mfumaji kwelikweli. Mshono umenyooka hata mimi siwezi." Kisha akaivalisha kompyuta iliyokwisha kupoa, akaiwasha. Dakika ya kumi na nane, pu!

"Unaona matundu haya ya chini na ubavuni? Ndiyo pua zake. Chini inavuta hewa ya baridi, ubavuni inatoa ya moto. Ikizidi joto hujizima yenyewe isiungue. Haikuwa ikikuchezea, ilikuwa ikijiokoa."

"Kumbe tumeivalisha sweta na kuiziba pua!" alisema Rediet, na hata Bezawit akacheka.

Fundi aliizima kabisa, akaondoa betri, akafungua skrubu moja moja na kuzipanga kwa mpangilio ule ule zilivyotoka. Nyuma ya feni, vumbi la pamba lilikuwa limegandamana kama kipande cha blanketi. Alilibandua kwa kibano, akapiga brashi laini, akashikilia feni kwa kidole isizunguke, akapuliza. Akafuta dawa iliyokauka juu ya kichakataji, bongo la kompyuta, akapaka mpya ya kupitisha joto, kiasi cha punje ya dengu. Mikono yake haikuharakisha hata mara moja. Ilipowashwa tena, ilinong'ona tu. Saa nzima ilipita, na kitako chake kilikuwa vuguvugu.

Alhamisi asubuhi Bezawit alimweleza Mwalimu Alemitu yote, hata uongo aliomwambia fundi. 

"Utaonyesha," alisema Mwalimu. "Lakini kabla ya nakshi za baba yako, utawaeleza wenzako hili."

Ijumaa Bezawit alisimama mbele ya shule nzima, akaeleza habari ya kifuniko na uongo wake. Wengine walicheka. Kisha akaonyesha nakshi moja baada ya nyingine, na majina ya waliozifuma, hai na marehemu. Kompyuta haikuzimika. Baba yake, aliyesimama nyuma, alikuwa akiyatamka majina yale pamoja naye kwa midomo tu.

Mwalimu Alemitu alipanda jukwaani. "Kuifunika kompyuta lilikuwa kosa la mtu anayekipenda kitu asichokijua," aliwaambia wanafunzi. "Kosa hilo fundi alilimaliza kwa alasiri moja. Kilichotaka kutupotezea kazi hii yote ni wiki mbili za kunyamaza. Mkikosea, semeni mapema, na semeni yote. Anayetaka kuwasaidia hawezi kutibu msichomwonyesha."

Kisha akamwita Rediet aje kuchukua zamu yake, na akamwomba Bezawit amkabidhi kompyuta kwa mkono wake mwenyewe.