Kiti cha Edina

Jambo la mwisho la kawaida kutokea katika nyumba ya Mwalimu Ildefonsi lilikuwa uji kumwagika. Ilikuwa Jumamosi ya mwezi Juni, mwaka 1993, na ukungu ulikuwa umeifunika Mbinga tangu alfajiri. Edina, mtoto wa miezi saba, alikuwa amekalishwa ndani ya beseni na kuzungushiwa khanga pande zote, kwa sababu mgongo wake ulikuwa bado haujakaza. Akaegemea upande mmoja, beseni likamfuata, na bakuli la uji likaenda nalo chini.

"Haya, ameumwaga wote," alisema Bibi Notburga, akicheka huku akimwinua mjukuu wake. "Nitampika mtoto uji mwingine."

"Utampikia, mama," alisema Ildefonsi, ambaye alifundisha Kiswahili sekondari na hakuweza kujizuia. "Ukimpika, tutamla."

"Mwenyewe ataunywa tu, kwa *i* au bila *i*."

Vitalia, mke wa Ildefonsi, alifariki Novemba, siku ya pili baada ya kumzaa Edina. Ndugu wa pande zote mbili walikaa kikao, wakakubaliana kwamba Bibi Notburga, mama yake Vitalia, apande kutoka Lundo, kule ziwani, amlee mtoto Mbinga mpaka mavuno ya kahawa yaishe. Kama mtoto angestawi, angebaki na baba yake. Kama asingestawi, bibi angeshuka naye. Ildefonsi hakusema mengi katika kikao kile. Alikuwa amebakiwa na mtoto huyo tu.

"Kwetu hatusumbuki na mabeseni," alisema bibi, akifuta uji sakafuni. "Tunachimba kashimo mchangani, tunatandika khanga, tunamkalisha mtoto humo. Hata akitaka kuanguka, hana pa kuangukia."

"Sitaki mtoto wangu awekwe kwenye shimo."

Bibi Notburga aliendelea kufuta. Novemba walikuwa wamesimama wote wawili kando ya shimo la Vitalia.

"Nitamtafutia kiti," alisema Ildefonsi. "Kiti kirefu cha kulia, chenye meza yake."

Tangu biashara ilipofunguliwa, maduka ya Mbinga yalikuwa na vitu ambavyo miaka mitano nyuma watu walivisikia tu. Dukani kwa Urbani palikuwa na kiti cha mtoto cha plastiki, kilichochorwa mabata. Ildefonsi aliikandamiza meza yake kwa kiganja, mguu mmoja wa nyuma ukainuka. Meza yenyewe haikuchomoka, na pembeni ilikuwa na ufa ambamo uji ungeingia na kuoza. Alikwenda kutazama kingine, cha chuma, kilichoachwa na familia ya daktari mgeni. Hicho kilikuwa kizito na hakikutikisika, lakini rangi ilibanduka kwa ukucha, na uwazi chini ya meza uliweza kumpitisha mtoto mzima. Alirudi nyumbani akachora cha kwake: miguu iliyotanuka chini kuliko juu, meza ya kuchomoa na kuosha, ubao wa kuwekea miguu, na mkanda wa kitambaa wa kufunga kiunoni.

Mchoro huo aliupeleka kwa Zabron, seremala mtu wa ziwani aliyehamia Mbinga zamani. Ndani ya karakana, vigoda vitatu vilikuwa vimepangwa ukutani. Ildefonsi alitaka kukaa juu ya kimojawapo.

"Hapo pana mtu, Mwalimu," alisema Zabron, bila kuinua macho kutoka kwenye randa.

Ildefonsi hakuona mtu. Alidhani kigoda kimeagizwa na mteja, akabaki amesimama.

"Niandikie unachotaka," alisema Zabron. "Oda ya mdomo sipokei. Kila kiti nakibandika karatasi yake chini."

Ildefonsi aliandika sentensi moja. Usingizi wake ulikuwa mbaya tangu Novemba, na mkono uliandika haraka kuliko kawaida yake. Zabron alisoma karatasi ile kwa sauti, polepole, mara mbili, kama msomaji kanisani mbele ya waumini. Kisha akamtazama.

"Ndivyo unavyotaka?"

"Ndivyo."

Kiti kilifika baada ya wiki moja. Kilikuwa kizuri. Ildefonsi alikisukuma huku na huku, hakikuyumba. Alimwingiza Edina, akafunga mkanda, na Edina, ambaye asubuhi ile ile alikuwa ameanguka mara mbili juu ya mkeka, alikaa wima.

"Umeona, mama?" alisema Ildefonsi, akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu Novemba. "Lilikuwa suala la kiti tu."

Bibi Notburga alipitisha kiganja kati ya mgongo wa mtoto na mbao, akakitoa haraka.

"Mtoto hakai hivi," alisema kwa sauti ya chini. "Hivi hukaa mtoto aliyepakatwa."

Kuanzia siku ile Edina alikataa uji. Hakulia wala hakuutema. Alifunga mdomo tu, kama mtu aliyeshiba. Walijaribu uji wa ulezi, wakajaribu wa mahindi wenye unga wa usipa, dagaa wa ziwani, akageuza uso. Ildefonsi alimpeleka kliniki akiwa na hofu ya kadi, kwa sababu kadi ile ndiyo ingesomwa kwenye kikao. Mstari wa uzito ulikuwa umepanda kuliko mwezi wowote. Muuguzi alimsifu.

Hapo ndipo alipoanza kumshuku mama mkwe wake. Mtu fulani alikuwa anamlisha mtoto kwa siri, ili ionekane kwamba mkononi mwa baba hali chochote. Alianza kurudi nyumbani bila taarifa, saa ya mapumziko, mara nyingine katikati ya kipindi. Alikagua masufuria. Alimnusa mtoto mdomoni. Mtoto alinuka maziwa ya mama.

Bibi naye alikuwa amenusa.

"Baba Edina, nikuulize kitu, usikasirike," alisema siku moja baada ya chakula cha mchana, wakiwa wamekaa kila mmoja upande wake wa chumba. "Kuna mwanamke anakuja humu nikienda bombani?"

"Mwanamke gani?"

"Anayenyonyesha. Nimezaa saba, harufu ile hainidanganyi."

"Nilitaka kukuuliza wewe, mama."

"Mimi? Kwa umri huu? Nikitoa maziwa mimi, askofu atakuja mwenyewe kuandika muujiza."

Hakuna aliyecheka. Kila mmoja aliinuka pale akiamini kwamba mwenzake anaficha jambo. Edina, kitini, aliwatazama kwa zamu, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayefuatilia mazungumzo.

Jumanne iliyofuata, saa nne asubuhi, Ildefonsi aliacha darasa likifanya zoezi, akavuka uwanja wa shule na kuingia nyumbani kwa mlango wa mbele. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba shati lake lilikuwa limelowana. Chumbani alisikia mtu anasogea, akajua ni mama mkwe.

"Shikamoo, mama," alisema, kama alivyosema kila siku anapoingia.

"Marahaba, mwanangu."

Alivua viatu. Alikuwa amevua kimoja alipotupa macho dirishani na kumwona Bibi Notburga akitokeza kwenye ukungu kutoka bombani, ndoo kichwani, angali mbali, karibu na mti wa mwisho wa kahawa katika shamba la jirani, na akabaki ameinama vile vile na kiatu mkononi, akisikiliza, kwa sababu ndani ya chumba palikuwa na sauti nyingine aliyoijua ingawa katika nyumba ile haikuwahi kusikika hata siku moja, sauti ya mtoto anayenyonya, mafunda ya haraka, kisha pumzi, kisha mafunda tena, na pamoja nayo harufu ya maziwa, na chini ya maziwa harufu ya mchanga uliolowa, kama wa ufukweni asubuhi baada ya mawimbi. Aliingia. Edina alikuwa peke yake kitini. Uso wake ulikuwa umeinuka kidogo, midomo ilikuwa inang'aa, na vidole vyake vilikuwa vinafumba na kufumbua hewani, mbele ya kifua chake, pasipokuwa na kitu.

Bibi Notburga alipotua ndoo, alimkuta mkwewe amesimama kizingitini na kiatu kimoja.

"Umeniitikia, mama?" alinong'ona.

"Nimekuitikia wapi? Si ndiyo nafika?"

Hapo kila mmoja aliacha kumshuku mwenzake, na hilo lilikuwa baya kuliko kushukiana.

Bibi alimchomoa mtoto kwa juu bila kufungua mkanda, akakipindua kiti. Chini ya mbao ya kukalia, ambayo ilikuwa na vuguvugu, karatasi ya Ildefonsi ilikuwa imebandikwa kwa gundi.

"Mimi shule sikusoma. Nisomee."

Ildefonsi alisoma. "*Mfanye mtoto wangu Edina kiti imara, cha kukaliwa kila siku.*" Alisoma tena, moyoni, herufi kwa herufi. "Nilitaka kuandika *mfanyie*. Nimeacha *i*."

"Uliyenicheka kwa uji," alisema bibi, na sauti yake haikuwa na mzaha wowote. Alimfunga mtoto mgongoni kwa khanga, akavuta fundo mara mbili. "Unajua kule kwetu kiti ni nini? Kiti ni mtu. Mtu anayekaliwa na jini anaitwa kiti. Wenye majini wote wa ziwani huchongesha vigoda vyao kwa Zabron, na majini wasio na mtu hungoja palepale, wamesimama, mpaka watajiwe jina la kiti chao. Wewe umewatajia. Kwa maandishi."

"Pengine si jini, mama." Hakuwa mtu wa kusema mambo ya namna hii. "Maziwa yale. Pengine ni Vitalia."

Bibi Notburga aliushika mkanda wa kile kiti kilichopinduka. Alikuwa amesuka na kushona nyavu maisha yake yote.

"Asubuhi ulifunga wewe?"

"Nilifunga fundo moja, la kuvuta."

"Hili ni fundo jingine, na limefungwa kwa mkono wa kulia. Mwanangu alikuwa wa kushoto. Nilimfungia mkono ule kwa kitambaa mwaka mzima ili azoee wa kulia, wapi. Alisokota nyuzi kwa kushoto, alikoroga kwa kushoto. Huyu si mwanangu."

Aliyasema hayo kwa sauti, na kiti kilikuwa katikati yao.

Mchana ule ule walikibeba hadi kwa Zabron. Seremala alisikiliza mpaka mwisho bila kushangaa.

"Nilisoma mara mbili," alisema. "Nikakuuliza. Ukaniambia ndivyo."

"Lilikuwa kosa la herufi moja."

"Nilidhani unajua unachoandika. Wewe ndiye msomi."

"Tukichome kiti," alisema Ildefonsi.

"Utachoma mbao. Kiti kiko mgongoni kwa bibi yake." Zabron alikung'uta vumbi la mbao kwenye meza. "Aliyekwisha kukaa harudi kusimama. Huhama tu, akipewa pengine pa kukaa."

"Apewe mimi," alisema Bibi Notburga. "Mimi nimeshaishi."

"Aliyeandika ni mimi, mama," alisema Ildefonsi.

Zabron alimpa karatasi. Safari hii Ildefonsi aliandika taratibu, akasahihisha kama anavyosahihisha mtihani: *Mwacheni mtoto wangu Edina. Nifanyeni mimi kiti.* Hapakuwa na herufi iliyopungua. Wakati Zabron anaisoma kwa sauti, mara ya kwanza na mara ya pili, Ildefonsi alikuwa na wazo moja ambalo hakumwambia mtu: kwamba mama mkwe anaweza kuwa amekosea kuhusu fundo, na anayekuja ni Vitalia.

Edina alilia. Kilikuwa kilio cha njaa, kikali, cha kwanza baada ya wiki tatu. Nyumbani alimaliza bakuli zima la uji, wakamweka ndani ya beseni, akaanguka. Bibi Notburga alicheka hadi machozi yakamtoka.

"Mavuno bado kidogo," alisema, akijifuta. "Kadi yake nzuri. Atabaki kwako, Baba Edina. Nitawaambia mwenyewe."

Asubuhi iliyofuata Ildefonsi aliamka mapema, akampikia mtoto uji. Alimpakata. Mgongo wake, ambao tangu Novemba ulikuwa umepinda, ulikuwa umenyooka. Alichota kijiko, akapuliza, akamlisha. Akachota cha pili, cha tatu, na mtoto alikuwa anakula vizuri, alipoona kwamba kijiko kiko katika mkono wake wa kushoto.

Hakuwahi kushika kijiko kwa mkono huo. Mkono ulikoroga, ukapangusa kijiko ukingoni mwa bakuli, mara moja kila upande, kama alivyopangusa Vitalia. Kitu kilimjaa kifuani ambacho kilikaribia sana kuwa furaha. Alilitamka jina la mkewe kwa sauti ndogo.

Kisha alikumbuka ni lini neno lile la mkono wa kushoto lilisemwa, na kwa sauti gani, na kwamba yule aliyemkalia mtoto alikuwepo, akisikia.

Alikiweka kijiko chini. Kilimchukua muda, kwa sababu vidole havikutaka kukiachia. Akamwita mama mkwe wake, akamwambia afunge mizigo, lori la kushuka ziwani linaondoka saa mbili.

"Jana tu tumesema anabaki," alisema Bibi Notburga. Kisha aliuona mkono, naye hakuuliza tena.

Pale lori lilipokuwa limesimama, Ildefonsi alimwekea bibi kadi ya kliniki ndani ya kapu, akalipandisha beseni. Hakumshika mtoto.

"Utatuandikia?" aliuliza bibi kutoka juu. "Nitampa mwalimu wa huko anisomee."

"Utajuaje kama ni mimi niliyeandika?"

Bibi Notburga alifikiri. Edina alikuwa anatafuna ncha ya khanga.

"Sitajua," alisema.

"Basi sitaandika, mama."

Lori liliondoka likiteremka. Bibi aliuinua mkono wa mtoto, akaupunga. Ildefonsi hakupunga. Alisimama kando ya barabara, ameushika mkono wake wa kushoto kwa mkono wa kulia, kwa nguvu zake zote, mpaka lori lilipopotea kwenye kona.