Maandishi Mgongoni mwa Kwizera

Jumamosi moja ya soko mjini Baraka, saa nne asubuhi, Merveille alipenda mtulinga, ule mfupa wa mbele ya bega, kabla hajampenda mwenye mtulinga. Alikuwa amesimama kati ya mama wauza samaki wadogo wa ndakala na vijana wapakia magunia, kavaa sketi ya bluu ya shule na blauzi nyeupe iliyopigwa pasi hadi ikasalimu amri, daftari la anatomia kwapani. Mbele yake kijana mmoja alikuwa akipandisha gunia la muhogo kwenye lori. Alikuwa mwembamba. Si wembamba wa kusikitisha, bali ule wa kusaidia masomo: kila mfupa ulionekana mahali pake, na kila msuli ulijichora wazi kama kamba.

"Simama hivyo hivyo," Merveille akasema.

Kijana akageuza shingo. "Mama, gunia iko nzito."

"Najua. Kwa sababu iko nzito ndiyo deltoïde yako iko inaonekana."

"Kitu gani yangu?"

"Nyama ya bega. Na ule mufupa wa mbele ni clavicule. Usishushe gunia, bado natafuta omoplate, mufupa wa bega kwa nyuma."

"Sasa hiyo omoplate ikikosekana, ni miye nimeiiba?"

Wapakiaji wakacheka. Kijana, ambaye jina lake lilikuwa Kwizera, akabaki na gunia lake begani dakika nzima, jasho likimtiririka mgongoni. Hatujui kijana mwingine Baraka aliyewahi kubeba kilo hamsini bure kwa ajili ya elimu ya mtu asiyemjua.

Merveille alikuwa na sababu. Alisoma uuguzi huko juu Fizi, akilala bweni na kushuka Baraka kwa pikipiki kila mwisho wa juma. Shule yake haikuwa na kiunzi cha mifupa. Ilikuwa na picha ukutani, na panya walikuwa wamekula picha hiyo kuanzia magotini kushuka chini, kwa hiyo wanafunzi wa mwaka ule waliamini kwamba mwanadamu huishia kwenye paja. Katika mtihani wa kwanza Merveille alipata sita juu ya ishirini. Mwalimu Bertin alimrudishia karatasi kwa vidole viwili. "Mademoiselle, muntu wako iko na mifupa mine tu. Anasimama namna gani?"

Basi Kwizera akawa kiunzi. Alikuwa Mrundi, aliyekuja mkimbizi akiwa mtoto pamoja na mama yake, Renilde. Walipanga nyumba ya matofali mabichi karibu na ziwa na kulima muhogo. Kila Jumamosi alasiri aliketi kwenye kibao uani, kifua wazi, na Merveille alimwandika majina kwa kalamu ya bic. Mama Renilde aliketi hatua tatu kutoka kwao akipukuchua maharage, macho yake hayapukuchui. Jioni Kwizera alinawa, na sayansi yote ikaingia mchangani.

"Hapa ni wapi?" Merveille aliuliza siku moja, kidole katikati ya kifua chake.

"Si weye ndiye unasoma?"

"Nataka kujua kama unasikiliza."

"Sternum."

"Vizuri. Na nyuma yake?"

"Moyo."

"Moyo hauko kwenye mutihani, chéri. Bertin anauliza mifupa na misuli."

"Basi Bertin hajui kuuliza."

Mama Renilde akakohoa. Punje tatu za maharage zikaanguka chini.

Hivyo ndivyo walivyopendana, na mambo yangekwenda kama maji kama si Mzee Raphaël, baba yake Merveille. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa koti jeusi hata wakati wa jua, na alikuwa ametoa sharti moja: kijana asiyebatizwa hafiki mlangoni kwake, wala mama yake, wala salamu yake. Kwizera alikaa miezi sita kwenye mafundisho, akikariri mistari usiku na kupakia magunia mchana. Ubatizo ulipangwa Jumapili, ziwani. Akitoka majini tu, Mama Renilde angeruhusiwa kwenda kuongea na wazazi wa msichana. Bila maji hayo, hakuna mazungumzo.

Jumamosi, siku moja kabla, Merveille alikuwa na haraka. Jumatatu ilikuwa mtihani wa marudio, wa mdomo. Joto lilikuwa kali, Kwizera alitoka jasho, na bic ikateleza juu ya ngozi bila kuacha hata nukta. Merveille akaingiza mkono mfukoni mwa koti lake jeupe la mazoezi. Humo mlikuwa na kalamu nene aliyobaki nayo kutoka kampeni ya chanjo ya polio, ile ya kumtia mtoto alama kidoleni akisha kunywa matone.

"Hiyo inatoka?" Kwizera akauliza.

"Kila kitu kinatoka na sabuni."

Aliandika kwa bidii kubwa. Shingoni sternocléidomastoïdien, neno lililozunguka karibu nusu ya shingo. Begani trapèze na deltoïde. Mgongoni, kwa herufi kubwa, GRAND DORSAL. Mbavuni DENTELÉ. Yalikuwa maneno ishirini na mawili, na aliyataja yote bila kosa.

Saa moja ya jioni simu ililia.

"Merveille. Haitoki."

"Umesugua?"

"Na sabuni, na mchanga, na ndimu. Sasa mugongo unawaka moto na maneno yako yanacheka."

"Tuliza moyo, mupenzi. Kesho utavaa kanzu ya ubatizo. Nani ataona?"

Walikuwa watu wawili wenye akili, na mmoja alisomeshwa kwa gharama. Hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba kanzu ya ubatizo ni nyeupe, na kwamba maji hulowesha.

Jumapili ufuo ulijaa. Kwaya ilisimama mchangani kwa vitenge vya zambarau, Merveille safu ya mbele. Mzee Raphaël alishika mataulo. Kwizera akaingia majini hadi kiunoni, wimbi likampiga, kanzu ikamgandama mwilini, na elimu yote ya mwaka wa pili ikajitokeza mbele ya kanisa.

Pasta Néhémie aliondoa mkono wake kichwani mwa kijana polepole, kama mtu aliyegusa sufuria ya moto.

"Hii ni nini?"

"Maandiko, Pasta."

"Si Maandiko ninayoyajua miye."

Minong'ono ikapita ufuoni. Katika milima hiyo, vijana wanaokwenda msituni kushika silaha huchorwa na kutiwa dawa ili risasi zisiwaingie. Kila mtu aliyekuwa pale alijua jambo hilo, na hakuna aliyependa kulisema kwa sauti.

"Nani amekuandika?" Pasta akauliza.

Kwizera akatazama kwaya. Merveille alifungua kitabu cha nyimbo na kukisoma kwa makini, ingawa hakuna wimbo uliokuwa ukiimbwa. Baba yake alikuwa hatua tano kutoka kwake. Akisema, angeulizwa alimgusa wapi, na tangu lini, na masomo yangeishia hapo hapo mchangani.

"Nimejiandika mwenyewe," Kwizera akasema.

"Na ya mugongoni?"

Kwizera akaangalia maji. Hata samaki walingoja jibu. Pasta akatoa karatasi kwenye Biblia, akanakili maneno yote ishirini na mawili, akizungusha shingo ya kijana ili amalize lile refu. "Siwezi kumuzamisha muntu na dawa mwilini. Kamati itakaa Ijumaa." Kwizera akatoka majini kama alivyoingia, ila mbele ya macho mia tatu. Mzee Raphaël hakumpa taulo.

Jumapili hiyo hiyo Merveille alirudi Fizi. Alipiga simu mara kumi na moja njiani, kila mahali palipokuwa na mtandao. Hakupokea mtu. Jumatatu Mwalimu Bertin alimwuliza bega. Merveille akataja mifupa, akataja viungo, akataja kila msuli na mahali unaposhikia, na kadiri alivyotaja ndivyo machozi yalivyomshuka, kwa sababu kila jina lilikuwa na ngozi ya mtu mmoja. Alipata kumi na saba. Hakuwahi kuona kumi na saba yenye uchungu kama ile.

Jumanne usiku, Kwizera alipokea.

"Ongea."

"Kwize, chéri—"

"Usiniite chéri. Niite Grand Dorsal, ndivyo batoto bananiita huku."

"Niliogopa Baba. Angenitoa masomoni."

"Na miye? Jana nimekwenda kupakia, askari kwenye kizuizi ananiambia toa shati. Nimerudia nyuma, nimepita mashambani. Siku mbili sijafanya kazi. Juu ya nini? Juu ya pointi zako?"

"Ulisema umejiandika mwenyewe. Sikukuomba."

"Ndiyo. Hukuniomba kitu. Ulisoma kitabu."

"Nifanye nini sasa?"

"Weye ndiye uko na kumi na saba," akasema, na kukata.

Alijuaje alama? Merveille alikuwa amemwambia Mama Renilde peke yake kwa simu; basi Kwizera alikuwa amemwuliza mama yake. Hilo Merveille alilifikiria hadi Alhamisi usiku, na ndilo lililompandisha kwenye pikipiki alfajiri ya Ijumaa bila ruhusa ya bweni. Mvua ilikuwa imenyesha. Kwenye mteremko wa pili pikipiki ilizama tope hadi kwenye mnyororo, na dereva akaeleza kwa utulivu kwamba barabara hii ina watu wake wa kufika na watu wake wa kubaki njiani. Merveille akavua viatu. Alitembea saa nzima, kisha akapata lori la mbao, akaingia kanisani Baraka saa nane na tope hadi magotini, mahali ambapo picha ya shuleni iliishia.

Ndani waliketi wazee watano, Mzee Raphaël kati yao, Pasta na karatasi yake, na Kwizera kwenye benchi peke yake, kola ya shati imefungwa hadi kidevuni. Mama Renilde alikuwa karibu na mlango, mikono mapajani.

"Merveille," Mzee Raphaël akasema, "leo si siku ya kuwa Fizi?"

"Ni siku ya kuwa Fizi, Baba. Ni miye nilimuandika."

Wazee wote wakamgeukia.

"Kila Jumamosi, uani kwa Mama Renilde, yeye mwenyewe akiwepo. Si dawa. Ni majina ya mifupa na misuli, tunayofundishwa. Shule haina kiunzi."

"Kila muntu anaweza kusema hivyo," Pasta akasema, karatasi mkononi. "Majina haya yanatisha."

"Shika karatasi yako, Pasta. Usinionyeshe. Baba, nakuomba, simama."

Mzee Raphaël alisimama kwa sababu alishangaa. Binti yake akaenda nyuma yake, akamvua lile koti jeusi, akaweka kidole shingoni mwake.

"Sternocléidomastoïdien. Ukigeuza kichwa ndiyo inavuta. Geuza, Baba."

Mzee akageuza. Pasta akatafuta kwenye karatasi, akatia alama.

"Clavicule. Omoplate. Deltoïde, ya kuinua mukono. Huku chini, grand dorsal, ya kuvuta kasia." Alishuka mgongo wote, neno kwa neno, na kalamu ya Pasta ikamfuata. Alipofika begani kwa nyuma na kubonyeza, baba yake akatoa sauti ambayo kanisa halikuwahi kuisikia kutoka kwake.

"Inauma hapo?"

"Tangu mwaka jana," Mzee Raphaël akasema, kwa sauti ndogo.

"Ni trapèze. Umeifunga sana."

"Bonyeza tena."

Mmoja wa wazee akauliza kama kuna jina la kiuno pia. Pasta akasema tafadhali, tuko kwenye kamati. Maneno yalitimia ishirini na mawili, hakuna lililobaki wala lililozidi.

Mzee Raphaël akavaa koti lake, kifungo kwa kifungo, akamgeukia Kwizera.

"Kijana. Uliulizwa mbele ya batu bote. Kwa nini hukusema ni yeye?"

"Mzee, lile lilikuwa neno lake la kusema. Si langu."

Mzee Raphaël akanyoosha kola ya koti. Kisha mzee akamtazama binti yake.

"Huyu alifunga kinywa juu yako. Weye ulifunga kinywa juu yako mwenyewe." Akakaa chini. "Jumapili abatizwe. Hata na wino. Kama mama yake anataka kunijia, mulango uko wazi. Lakini usinishukuru, Merveille. Sijui kama kijana bado anakutaka, na ningekuwa yeye ningefikiri."

Nje, Kwizera alitembea mbele. Merveille alimfuata na viatu mkononi.

"Kwize."

"Nasikia."

"Bado unanitaka?"

"Niko na hasira."

"Hiyo si jibu."

"Ni jibu ya leo. Nenda ukanawe miguu."

Jumapili ufuo ulijaa mara mbili zaidi, maana kila mtu alitaka kusoma. Kwizera aliingia majini na kanzu yake nyeupe, na maneno yakatokea, yamefifia kidogo. Kanisa hilo lina desturi: kabla ya kuzamisha, Pasta huuliza nani anamshuhudia huyu, na kwa kawaida hujibu mzee fulani kutoka mchangani, mikono mfukoni.

"Nani anamushuhudia?"

Merveille akatoka kwenye safu ya kwaya. Hakusimama ukingoni. Aliingia ziwani na kitenge chake cha zambarau, magotini, mapajani, hadi kiunoni, akasimama ubavuni mwake mbele ya baba yake na Baraka nzima.

"Miye," akasema. "Na ni miye nilimuandika."

Pasta akamzamisha Kwizera. Alipoibuka, aliyafuta macho, akatema maji ya ziwa, akamtazama msichana aliyelowa kama yeye.

"Mama atafika kwenu Alhamisi," akasema. "Mwambie mzee asiende shamba."