Maji Ambayo Houda Hakuyapima

Kila siku akitoka shule, Houda alivua sare, akala alichowekewa na mama yake, kisha akampelekea baba yake chai gereji. Alipita mtaa wa wauza vipuri, akakwepa madimbwi ya mafuta machafu, akawasalimia mafundi waliolala chali chini ya magari, na mara akasikia nyundo ya baba yake ikigonga bati. Mtaa mzima wa Buyenzi ulimjua Fundi Hamimu kwa kazi yake ya kuchomelea vyuma.

Siku hizo gereji ilikuwa na gari lililokusanya watazamaji kama harusi. Lilikuwa kamioneti kuukuu yenye bodi ndefu, mali ya muuguzi wa Kibenga aliyeitwa Mama Léocadie. Kazi yake ilikuwa kuwachanja watoto katika kambi za watu waliokimbia makwao. Vita vilikuwa vimepungua, ila havijaisha. Barabara za milimani zilifungwa mapema alasiri, na aliyechelewa kufika kwenye kizuizi hakupita. Mara nyingi Mama Léocadie alilazimika kugeuza gari huku akina mama bado wamepanga foleni mbele yake, watoto mgongoni.

"Nimechoka kuwaacha hivyo," alimwambia Hamimu. "Nitengenezee chumba ndani ya gari. Kitanda, jiko la gesi, friji ndogo ya dawa, na maji. Nilale hukohuko, asubuhi niendelee."

Kisha akafungua mlango wa dereva, akamwonyesha kibao cha bati kilichopigiliwa hapo.

"Kilo elfu tatu na mia tano. Gari, vitu vyote na watu wake, jumla isipite hapo. Ikipita, sina ruhusa ya kuliendesha. Permi yangu ni ya B, ya magari madogo. Ile ya malori sina."

"Usiwe na wasiwasi, Madamu," Hamimu akajibu. "Hesabu nampa binti yangu. Darasani kwao hakuna anayemshinda."

Houda aliona kichwa chake kimekuwa kikubwa kwa furaha. Aliazima mizani ya muuza mchele, na hakuna ubao wala bawaba iliyoingia garini bila kupita kwanza juu ya mizani hiyo. Kitanda, kabati, jiko na mtungi wake, betri, friji. Hata tangi la chuma ambalo baba yake alilichomelea chini ya kitanda lilipimwa: kilo arobaini. Uzito wa gari tupu ulikuwa kwenye karatasi zake. Mwishowe Houda akajumlisha vyote, pamoja na Mama Léocadie na msaidizi wake.

"Elfu tatu mia tatu na themanini!" akatangaza. "Tumebakiwa na kilo mia na ishirini!"

Mafundi wakapiga makofi. Hamimu akawa anamwambia kila mteja aliyeingia, "Hesabu ile ni ya mutoto wangu." Safari ilipangwa kesho yake asubuhi, pamoja na msafara wa magari.

Jioni hiyo mama yake, Mwantum, alimtuma Houda maji. Alikwenda bombani akizungusha bidoni tupu kwa kidole kimoja. Wakati wa kurudi, bidoni imejaa, mkono ulimuuma hata akashindwa kufika nusu ya njia. Akaitua chini apumzike, na hapo hapo akakumbuka somo ambalo mwalimu aliwafanya walirudie mpaka wakachoka: lita moja ya maji ni kilo moja.

Bidoni ya lita ishirini, kilo ishirini. Na tangi la Mama Léocadie lilikuwa la lita mia tatu.

Alikuwa amelipima likiwa tupu.

Houda alikimbilia gereji. Lakini alimkuta baba yake katikati ya wenzake, anacheka, anasimulia tena habari za binti yake. Akasimama mlangoni.

"Unataka nini, Houda?" Hamimu akauliza.

"Nimefuata kikombe cha chai," akasema, akakichukua na kurudi nyumbani.

Mwantum alimtazama akikaa kizingitini. "Bidoni umeiacha njiani, mimi ndiye niliyekwenda kuichukua. Una nini?"

Houda akamweleza yote, machozi yakimlengalenga. "Baba ataaibika mbele ya watu, Mama."

"Sasa unaniambia mimi? Mimi ndiye naendesha lile gari?" Mwantum akamshika mkono, akamwinua. "Baba yako ameshaaibika mara nyingi na bado yuko hai. Nenda."

Safari hii alimkuta Mama Léocadie naye yuko gereji, anapanga sanduku za chanjo. Houda akasema mbele ya wote, haraka, kabla woga haujamrudia:

"Nimekosea. Sikuhesabu maji."

Hamimu akatikisa kichwa. "Apana. Tangi ulilipima, mimi nilikuona."

"Nililipima tupu, Baba."

Hakuna aliyecheka. Hamimu akajikuna kichwa, akatazama magurudumu ya nyuma. "Basi niongeze springi. Litabeba tu."

"Springi zitabeba, Fundi," akasema Mama Léocadie. "Lakini breki ni zilezile, na permi yangu ni ileile. Nikitaka gari la uzito mkubwa lazima nipate permi ya C. Nijifunze upya, nifanye mtihani. Watoto wa kambini wataningoja mpaka lini? Twendeni tukalipime lote."

Walijaza tangi. Hamimu, aliyekuwa na permi ya malori, akashika usukani mpaka kwenye ghala moja la kahawa lenye mizani ya magari. Huko akashuka, Mama Léocadie na msaidizi wake wakapanda. Mpimaji akasoma: kilo elfu tatu mia sita na tisini.

Houda aliinamisha kichwa. Baba yake akamwekea mkono begani.

Walirudi mbio kabla jua halijazama. Hamimu alikata vyuma alivyovichomelea kwa mikono yake, tangi likatolewa, na majirani wakaja na ndoo kujigawia maji. Mahali pake wakafunga bidoni tano za lita ishirini. Mpimaji alikuwa akifunga lango walipofika tena, akakubali kwa kunung'unika.

"Elfu tatu mia nne hamsini na tano," akasoma.

"Alhamdulillahi!" Hamimu akapaza sauti. Mama Léocadie alikaa kwenye ngazi ya gari, akajifuta jasho, akacheka mpaka na yule mpimaji akacheka.

Alirudi juma lililofuata, gari limejaa vumbi na matope. Hamimu, Mwantum na Houda wakalizunguka.

"Kizuizini walisoma kibao, wakasoma permi yangu, wakatupima. Tukapita," akawaambia. "Lakini hilo si kubwa. Wakati wa kurudi, kwenye miteremko ya Bugarama, mvua ilinyesha. Nilipokata kona nikakuta lori limekufa katikati ya barabara. Nilikanyaga breki kwa nguvu zangu zote. Gari liliteleza, likasimama. Kati yetu na lile lori, mtu asingeweza kupita."

Mwantum alishika kifua. Hamimu akatazama pembeni, akapangusa uso.

"Na watoto?" Houda akauliza kwa sauti ndogo.

"Wote walichanjwa. Safari hii sikumwacha hata mmoja kwenye foleni." Mama Léocadie akainama, macho yake yakawa sawa na ya Houda. "Sikiliza, binti yangu. Kukosea hesabu kunampata kila mtu, hata sisi wakubwa tulioyasahau maji yale pamoja nawe. Kosa likisemwa mapema linarekebishwa kwa spana. Likifichwa, barabara ndiyo italisema, na hapo tumechelewa. Ulisema ukiwa unaogopa. Ndiyo maana leo nimesimama hapa."

Houda aliona kifua chake kimekuwa chepesi, akaenda kumletea mgeni chai.