Saa ya Tawi la Wubit

Kaunta ya makiato, kahawa ya maziwa, pale Piasa katikati ya mji ilikuwa imefurika watu, na kahawa ya Surafel ikamwagikia netela ya Wubit, shali yake nyeupe ya pamba.

"We kaka, nimekuja kunywa, sikuja kuoga!"

"Samahani, konjo, mrembo we. Nitaifua mwenyewe."

Kumbe wote wawili waliajiriwa na chama kimoja cha akiba. Surafel alikuwa makao makuu, Wubit tawi la Merkato, akitunza ukuta wa moto, ile mashine inayokagua kila kinachoingia kwenye kompyuta za ofisi. Kila ilichokiona iliandika mstari, ikautuma kwenye seva kuu, kwa Surafel. Miezi miwili simu hazikukatika. "Umekula?" "Nile bila wewe?"

Alhamisi sauti ikabadilika.

"Wubit, juzi saa tisa usiku ulikuwa ofisini na nani?"

"Mimi? Nililala kwa mama!"

"Kuna mstari una jina lako. Ulimfungulia mtu mtandao. Kesho mchana kuna kikao, watakufukuza."

"Na wewe umeamini?"

Wubit akakata simu.

Asubuhi akatokea makao makuu na gauni la njano, netela begani, macho mekundu. "Nionyeshe."

Skrini ilijaa ukuta mzima. Mistari ilimiminika kutoka matawi arobaini, Gondar, Harar, Jimma, kila hodi iliyoitikiwa na kila iliyokataliwa. Wubit akasahau hasira, mkono mdomoni.

"Yote haya yanafika hapa? Hata kamstari kangu?"

"Hakuna kanachopotea."

Akakaona: 03:00. Akaganda.

"Surafel, umeme ulipokatika wiki jana, mashine ilipoteza saa. Niliirudisha kwa mkono, nikitazama saa ya ukutani."

Saa ya ukutani, kama zote mjini, huhesabu kuanzia mapambazuko: tatu yake ni asubuhi, watu wameshakunywa kahawa. Kwa seva, inayohesabu kuanzia usiku wa manane, tatu ni saa tisa usiku.

"Nilimfungulia fundi wa printa saa tatu asubuhi, meneja kasimama kando yangu!"

"Ngoja." Kando ya kila mstari seva huandika saa ilipoupokea. Surafel hakuwa ameitazama. 09:00. Saa tatu asubuhi kamili.

Akakaa chini taratibu. "Iliandika ukweli siku ileile. Mimi ndiye sikusoma."

"Mashine imenitetea, wewe ukanishtaki."

"Nisamehe, maisha yangu. Kikao nitakieleza mwenyewe. Halafu nitume wazee wakupose kwa mama yako. Jumapili, saa tatu?"

Wubit akafuta machozi kwa netela. Doa la kahawa ya siku ile lilikuwa palepale, hakutaka litoke.

"Saa tatu ya mama, siyo ya seva. Wakija usiku atawafungulia mbwa."